Sababu za mpiga mbizi kupimwa afya kabla ya kuzama

KABLA ya kujifunga mtungi wa hewa na kuzama baharini, mpiga mbizi anapaswa kwanza kujua iwapo mwili wake utastahimili shinikizo la maji.

Katika kina cha mita 10, shinikizo huwa maradufu ya lile la ufuoni. Katika mita 30, huwa mara nne.

Gari lililotumbukia katika kivuko cha Likoni, Mombasa, mnamo Septemba 2019 lilikuwa takriban mita 58 chini ya maji. Waliolitafuta kwa karibu wiki mbili walikabili shinikizo linalokaribia mara saba.

Hewa iliyo mwilini hufinyika mtu anaposhuka na hutanuka anapopanda. Ndiyo maana daktari huchunguza kwa makini masikio, pua na mapafu.

Mwenye mafua huenda akashindwa kusawazisha hewa masikioni, na ngoma ya sikio ikapasuka.

Hatari ya mapafu ni kubwa zaidi. Hewa ikinaswa humo kwa sababu ya pumu au kovu, hutanuka mtu anapopanda, ikayararua mapafu na kupenya katika damu hadi kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo, aliyewahi kupatwa na maradhi ya pafu kusinyaa ghafla kwa kawaida hukatazwa kupiga mbizi.

Aidha, daktari huuliza kuhusu moyo, kifafa na kisukari. Anayezirai nchi kavu aweza kuokolewa, lakini akizirai chini ya maji hufa maji.

Hata hivyo, si kila mgonjwa hukatazwa. Mwenye pumu au kisukari kinachodhibitiwa vyema aweza kuruhusiwa baada ya uchunguzi. Wajawazito hushauriwa wasizame kabisa.

Kwa watalii na wanafunzi, vituo vya mafunzo hutoa fomu ya maswali kuhusu afya. Baadhi ya majibu ya 'ndiyo' humlazimu mhusika kupata idhini ya daktari. Kwa wanaozama kikazi, masharti huwa makali zaidi: nchini Uingereza, kwa mfano, cheti chao cha afya hakidumu zaidi ya miezi 12.

Wapo wanaoficha maradhi wasije wakapoteza nauli ya safari au kibarua. Fomu yaweza kudanganywa, lakini bahari haidanganyiki, na mwenzake anayezama kumwokoa huhatarisha maisha yake pia.