Kibandani au hemani? Mjadala wa chumbani kuhusu kulala Kilimanjaro

Najua nimepotea, majaribio yalinibana kweli kweli, ila mie mzima wa afya.

Juzi usiku hapa hosteli kulizuka mjadala. Mwenzetu mmoja kapangiwa kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Moshi, na keshaanza kubania bumu lake ili apande mlima. Swali lake: alale kwenye vibanda au kwenye mahema? Maana Kilimanjaro ndivyo ulivyo. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala wapandaji. Machame, Lemosho, Umbwe na Rongai ni hema tu. Watu wa huko wamezibatiza majina, Marangu wanaiita Koka-Kola na Machame wanaiita Wiski, yaani moja laini na nyingine kali.

Mmoja akasema kibanda, kwa sababu ya mvua. Mwingine akasema hema, kwa sababu ya picha. Mie, kwa kuwa somo langu la kufundishia ni Historia, nikauliza: hivi hao wanaobeba mizigo walikuwa wanalala wapi? Wakacheka, eti nimeanza tena umwalimu. Basi nikanyamaza, lakini swali likanikaa.

Labda ni kwa sababu ya nilikotoka. Sie watu wa Mbuji, huko Umatengoni, kulala mlimani hatukuanza kwa starehe. Katika karne ya 19 Wangoni walipokuwa wanavamia, Wamatengo walikimbilia milimani na kwenye mapango. Ndiyo maana mpaka leo mashamba yetu ni ya ngoro, vile vishimo vya kwenye miteremko mikali: watu walibanwa juu huko, wakajifunza kulima palipoonekana hapalimiki. Lile Jiwe la Mbuji wageni wanakuja kulipiga picha, lakini wazee wakikusimulia habari zake wanakusimulia habari za kujificha. Kwa hiyo mtu akiniambia "kulala mlimani", kwanza nawaza ni nani alilala pale na kwa nini.

Haya, turudi Kilimanjaro.

Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 alikamatwa kabla hata ya kuufikia mlima, maana pwani ilikuwa imewaka kwa vita vya Abushiri. Mwaka 1889 alirudi na akili mpya. Alishajua kinachowarudisha watu ni njaa: unafika juu, chakula kimekwisha, unashuka. Safari hii akapanga kambi kadhaa, kila moja na akiba yake, ili akishindwa leo ajaribu tena kesho bila kurudi mpaka chini. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakasimama kileleni. Vitabu vya shuleni vinaishia hapo, na vikiongeza, vinamtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyewaongoza.

Ila kuna jina moja ambalo mie sikuwahi kulisikia darasani: Mwini Amani, mtu wa Pangani. Huyu ndiye aliyebaki nao kwenye kambi ya juu, mita kama 4,330, akiwapikia na kuwatafutia maji na kuni. Jamani, mtu wa Pangani! Mtu wa minazi na joto, yuko jangwani juu ya mlima analinda moto. Wale wawili walipanda zaidi ya mara moja, na kila wakishuka wamechoka, kuna mtu yuko pale na chakula. Ukiondoa kambi ile, hakuna kilele. Mie naona hiyo ndiyo "huduma ya malazi" ya kwanza ya Kilimanjaro, na aliyeiendesha alikuwa Mswahili.

Vibanda vilikuja baadaye. Mwaka 1912 chama cha Wajerumani cha wapanda mlima kilisimamisha viwili upande wa Marangu. Cha chini kikaitwa Bismarck, cha juu kikaitwa Peters. Hapo ndipo nilipotoa macho. Bismarck ndiye mwenyeji wa ule mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na Afrika hakuwahi kuikanyaga. Karl Peters yeye aliikanyaga sana. Mwaka 1891 alipewa ukamishna wa Kilimanjaro, na akiwa huko alimnyonga mtumishi wake Mabruk, kisha msichana wa Kichaga aliyeitwa Jagodja. Watu walimwita Mkono wa Damu. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Lakini miaka 15 baadaye, wapandaji wanavua viatu kwenye kibanda chenye jina lake, katika mlima uleule, juu ya vijiji vyenye watu waliokuwa wanamkumbuka. Na mbao zilibebwa na nani mpaka kule?

Baada ya uhuru majina yakabadilishwa. Bismarck ikawa Mandara, jina la Mangi Rindi wa Moshi aliyefariki mwaka 1891. Peters ikawa Horombo, mangi wa Keni kule Rombo, anayekumbukwa kwa kujenga ngome za mawe. Nimelipenda hilo: mjenzi wa ngome kapewa kibanda. Vile vya mbao vyenye paa kali kama herufi A vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norway, wakati hifadhi ya taifa inaanzishwa (1973) na kufunguliwa kwa wageni (1977). Cha tatu, Kibo, kipo tangu 1932 na ni cha mawe.

Sasa hapa rafiki yangu anayebania bumu asikilize vizuri. Mandara iko msituni, mita 2,720. Horombo iko mita 3,720, bado kuna majani. Ukiondoka Horombo unaingia jangwani. Siyo mfano, ni jangwa kweli: mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka, mchana jua linakuchoma, usiku maji yanaganda kwenye chupa. Unavuka uwanda mtupu kati ya Mawenzi na Kibo mpaka mita 4,700 hivi. Na pale Kibo hakuna maji. Yanachotwa njiani kwenye chanzo cha mwisho, yanapanda mgongoni mwa mtu. Njia ya Machame ni hivyohivyo: kambi ya Barafu haina maji, wapagazi wanayatoa bonde la Karanga.

Kwa hiyo kibanda au hema, ukifika jangwani unakunywa maji ya mgongo wa mtu mwingine. Wenyewe wanajiita wagumu, na kweli wanastahili. Zamani wengi wao walilala kwenye mapango, mpaka kulala mapangoni kukakatazwa. Sheria ya hifadhi inasema mzigo usizidi kilo 20, na tangu 2003 kuna mradi maalumu wa kuwatetea wapagazi kuhusu mishahara, mavazi na chakula. Mradi hauanzishwi pasipo tatizo.

Ushauri wangu basi. Kama unaogopa mvua na baridi ya chini, na hupendi kulala ardhini, nenda Marangu, utapata kitanda na godoro. Kama una siku nyingi na unataka mwili uzoee hewa taratibu, chukua Machame ya siku saba au Lemosho, ulale hemani. Ila usikimbie. Marangu watu wanaiita laini, wanaipanda kwa siku tano, halafu wanarudishwa na kichwa kuuma. Pole pole siyo wimbo wa watalii, ni dawa.

Na kabla hujalipa, uliza swali langu lile mlilolicheka: wapagazi wenu watalala wapi, na watakula mara ngapi kwa siku? Anayekujibu haraka na bila kukasirika, huyo mpe hela yako. Anayebabaika, mwache.

Nilipomsomea mwenzangu haya, alikaa kimya, halafu akasema: "Kwa hiyo nikiwa Horombo niwahadithie wenzangu habari za Peters?" Nikamwambia wahadithie za Mwini Amani kwanza, Peters keshawahi kuwa na kibanda.

Haya, kipindi cha saa nane kinaniita na daftari silioni. Siku njema wote, na wa nyumbani Mbuji, fungeni masweta.