Kumrudishia mwanafunzi wa sekondari hamu ya hesabu: mwongozo kwa familia na walimu wa Kasese na Bwera

Mwanafunzi wengi huiacha hesabu moyoni mapema, hata kama bado anakaa darasani. Ananakili kazi ya mwenzake, hanyooshi mkono, na nyumbani anasema: "Mimi na hesabu hatupatani." Wazazi humhimiza ajitahidi, au humtisha kwa mtihani. Mara nyingi haisaidii, kwa sababu tatizo halikuanza na uvivu. Kuna kitu alichokipoteza njiani: hatua moja ya darasa la nyuma, neno la Kiingereza, au namna ya kuandika iliyo tofauti na ile aliyofundishwa Kongo. Kitu hicho kikitafutwa na kupatikana, hamu huanza kurudi.

Makala haya yanaeleza mambo yanayowapotezea wanafunzi hamu huku kwetu, na hatua ambazo mzazi, mwalimu na mwanafunzi mwenyewe wanaweza kuchukua bila gharama kubwa.

Kwa nini somo hili haliepukiki

Nchini Uganda, hisabati ni lazima kwa kila mwanafunzi kuanzia Senior 1 hadi Senior 4. Mtaala mpya wa ngazi hiyo ulianza mwaka 2020, na mtihani wa kwanza wa UCE wa mtaala huo ulifanyika mwaka 2024. Kwa mpango huu, kazi anazofanya mwanafunzi shuleni huchangia asilimia 20 ya alama, na mtihani wa mwisho asilimia 80.

Maswali pia yamebadilika. Zamani mtoto aliweza kupewa mlinganyo na kuambiwa autatue. Sasa mara nyingi anapewa hadithi fupi ya maisha, kama vile mkulima anayetaka kuzungushia shamba uzio, au kikundi kinachogawana faida. Yeye mwenyewe lazima aone ni hesabu gani inatakiwa. Mwanafunzi anayejua kuhesabu lakini haelewi hadithi ya Kiingereza anaweza kukosa swali lote.

Baada ya Senior 4, kozi nyingi za afya, ufundi, uhasibu na sayansi huangalia alama ya hesabu. Kwa kijana mkimbizi, ambaye mara nyingi hana shamba wala mtaji, mlango huo ukifungwa ni vigumu kupata mwingine.

Hamu hupotea wapi

Jambo la kwanza ni mapengo. Shule za Uganda zilifungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Wengi walio sekondari leo walikuwa shule ya msingi wakati huo, katika miaka ya kujifunza sehemu, desimali na asilimia. Watoto waliotoka Kivu ya Kaskazini wana mapengo mengine, yaliyoletwa na vita na kuhama. Wa bonde la mto Nyamwamba walipatwa na mafuriko ya Mei 2020. Hesabu ni kama ukuta: tofali la chini likikosekana, la juu halikai. Anayeshindwa na aljebra ya Senior 2 mara nyingi ameshindwa na sehemu za darasa la tano.

Jambo la pili ni lugha. Mtoto wa Bwera na mtoto aliyetoka Beni au Butembo wanaweza kuzungumza bila shida, kwa kuwa Lhukonzo na Kinande ni lugha za karibu sana. Lakini darasani mmoja alisoma kwa Kifaransa, na sasa wote wawili wanasoma kwa Kiingereza.

Jambo la tatu ni hofu. Usiku wa 16 Juni 2023, shambulio katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, liliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Familia nyingi ziliguswa. Kijana asiyelala vizuri, au anayeshtuka kwa kila kelele, hawezi kufuata hatua sita za hesabu bila kupotea. Huyo anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza, na walimu wasidhani kwamba ni mzembe.

Jambo la nne ni aibu. Mwanafunzi aliyechekwa ubaoni mara moja anaweza kunyamaza mwaka mzima. Viboko navyo huongeza ukimya. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inakataza adhabu ya viboko shuleni.

Alama zinazomfanya mtoto aonekane hajui

Hili halizungumzwi sana, lakini ni rahisi kurekebisha. Mwanafunzi aliyesoma Kongo anaweza kuwa na jibu sahihi na bado akakosa alama, kwa sababu ya maandishi tu.

Nukta na mkato. Kongo, tatu na nusu huandikwa 3,5. Uganda huandikwa 3.5. Kongo, 2.500 inaweza kumaanisha elfu mbili na mia tano. Uganda, 2.500 ni mbili na nusu, na elfu mbili na mia tano huandikwa 2,500.

Kugawanya. Kwa mtindo wa Kifaransa, namba inayogawanywa hukaa kushoto, kigawanyo hukaa kulia kwa mstari wa wima, na jibu huandikwa chini ya kigawanyo. Uganda, kigawanyo hukaa kushoto na jibu huandikwa juu. Gawanya 852 kwa 12 kwa njia zote mbili: jibu ni 71.

Majina ya mafupi. Kigawo kikubwa cha shirika huitwa PGCD kwa Kifaransa na HCF kwa Kiingereza. Kigawe kidogo cha shirika huitwa PPCM kwa Kifaransa na LCM kwa Kiingereza. Katika vitabu vingi vya Kongo, tanjenti ya pembe huandikwa tg. Uganda huandikwa tan.

Mwalimu akitumia kipindi kimoja kuonyesha tofauti hizi, mtoto aliyedhani kwamba amesahau kila kitu hugundua kuwa anajua mengi. Ugunduzi huo humpa moyo kuliko sifa za mdomo.

Hatua tano za kuanza

1. Tafuta mahali alipopotea. Mpe maswali kumi mafupi, kutoka rahisi hadi gumu: kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali, asilimia, namba hasi, mlinganyo mwepesi. Usimpe alama. Angalia tu anapoanza kusita. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni kazi ya darasa la tano.

2. Fanya kidogo kila siku. Dakika 20 kila jioni zina faida kuliko saa tatu za Jumapili. Maswali mawili au matatu yanatosha, mradi moja liwe ni la jana.

3. Tengeneza daftari la maneno. Gawanya ukurasa katika safu tatu: Kifaransa, Kiingereza, na lugha ya nyumbani. Kila neno jipya la hesabu liingie humo pamoja na mfano mmoja wa namba. Mwanafunzi mwenyeji naye anufaike: Kiingereza cha maswali si lugha ya nyumbani kwake pia.

4. Mwache aeleze. Aliyeelewa swali amweleze mwenzake kwa lugha wanayoielewa wote, kisha waandike jibu kwa Kiingereza. Anayeeleza huona mapengo yake mwenyewe, na anayesikiliza haoni aibu kuuliza.

5. Soma kosa badala ya kulifuta. Jibu likiwa si sahihi, uliza: hatua ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo ni ipi? Karibu kila mara sehemu ya kazi ni sahihi. Mtoto akiona kwamba alikosa hatua moja tu kati ya tano, haoni tena kuwa yeye ni mjinga.

Kwa maswali marefu ya hadithi, George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alipendekeza mwaka 1945 njia ya hatua nne: elewa swali, panga njia, itekeleze, kisha rudi uangalie jibu. Wengi huruka hatua ya kwanza. Kabla ya kushika kalamu, mwanafunzi aseme kwa lugha yake: nimepewa nini, na ninatafuta nini?

Mfano kutoka mpakani

Hesabu huvutia zaidi inapojibu swali ambalo mtu analo kweli. Chukua wavunja fedha wa Mpondwe. Namba hizi ni za mfano tu.

Tuseme mvunja fedha wa kwanza anatoa shilingi 1.30 kwa kila faranga moja ya Kongo, bila ada. Wa pili anatoa shilingi 1.35 kwa faranga, lakini anakata shilingi 2,000 kwa kila mteja. Uende kwa nani?

Ukiwa na faranga 30,000, wa kwanza atakupa shilingi 39,000. Wa pili atakupa 40,500 kutoa 2,000, yaani 38,500. Wa kwanza ni bora. Ukiwa na faranga 60,000, wa kwanza atakupa 78,000, na wa pili 81,000 kutoa 2,000, yaani 79,000. Sasa wa pili ni bora.

Wako sawa kwa kiasi gani? Faranga ziwe x. Andika 1.30x = 1.35x − 2,000. Kwa hiyo 0.05x = 2,000, na x = 40,000. Chini ya faranga 40,000 nenda kwa wa kwanza. Juu yake nenda kwa wa pili. Huo ni mlinganyo wa sekondari, na mama anayeuza sokoni anaweza kuutumia kesho.

Mifano mingine iko karibu: riba ya kikundi cha kuweka na kukopa, uzito wa kahawa kabla na baada ya kukaushwa, mteremko wa shamba milimani, au eneo la shimo la chumvi Katwe. Mwanafunzi alete namba kutoka nyumbani, na darasa litunge swali.

Mfupa wa Ishango

Wanafunzi wengi hudhani hesabu ni kitu cha wageni. Waelezwe habari ya Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, upande wa Kongo, si mbali na Kasindi. Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alipata hapo mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Una umri wa miaka karibu 20,000, na leo umehifadhiwa Brussels.

Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Wataalamu bado wanabishana mikato hiyo ilikuwa ya nini. Lakini darasa linaweza kuifanyia kazi leo: jumlisha kila safu, utapata 60 na 60. Kisha uliza: namba za safu ya kwanza zina sifa gani? Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Je, kuna namba tasa nyingine kati ya 10 na 20? Hakuna.

Mzazi ambaye hakusoma

Huhitaji kujua aljebra ili kusaidia. Mwombe mtoto akuonyeshe swali moja kila jioni na akueleze hatua ya kwanza. Mpe dakika 20 zisizo na kazi za nyumbani. Hili ni muhimu hasa kwa wasichana, ambao mara nyingi hupika, huteka maji na kulea wadogo hadi usiku. Usiseme mbele yake kwamba ukoo wenu hauwezi hesabu, ataamini.

Mambo ya kuuliza shuleni

Mtoto akihamia shule mpya, muulize mwalimu mkuu mapema kuhusu alama zake za kazi za shuleni, ili zisipotee. Zinahesabiwa katika ile asilimia 20. Kama ana cheti cha sekondari cha Kongo na anataka kuendelea Uganda, uliza kuhusu kulinganishwa kwa vyeti, kazi inayofanywa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB. Usisubiri hadi mwezi wa kujiandikisha kwa mtihani.

Muulize pia mwalimu wa hesabu swali moja tu: mtoto wangu alipotea wapi? Jibu likiwa "hana bidii", omba mwangalie daftari pamoja, ukurasa kwa ukurasa, hadi muone ukurasa ambapo majibu sahihi yalikoma. Kazi ya kesho ianzie hapo.