Chema Chajiuza, Lakini Sharti Kionekane

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutazama nyumba moja ya kale hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nina stashahada ya ujenzi, na kuta za mawe ya matumbawe nimezishika kwa mikono yangu tangu ujana. Mwenye nyumba, mzee wa heshima, alinisikiliza, akanishukuru, kisha kazi akampa kijana aliyetoka mbali, ambaye hajawahi kuchanganya chokaa hata ndoo moja. Ukuta ukapigwa plasta ya saruji. Haikupita misimu miwili ya masika, rangi ikababuka na chumvi ikatoka ukutani kama unga.

Nilipomuuliza mzee kwa nini alimchagua yule, hakunificha. "Mwanangu, yule nimemuona kwenye simu kazi zake zote. Wewe nilikuona siku ile moja tu."

Jibu liliniuma, lakini lilikuwa la haki. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mafundi wengi wa Pwani tumeifanya methali hiyo mto wa kulalia. Tunasahau kwamba waliposema hivyo soko lilikuwa mtaani. Fundi akijenga, watu wa barazani walimuona, na sifa yake ilifika msikitini kabla yake. Leo mwenye nyumba yuko Muscat au Dubai, na fundi anamtafuta kwa simu. Chema alichokificha mwenyewe hakiwezi kujiuza.

Waliotangulia

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti Tanzania alipoanza blogu yake mwaka 2005, akiandika kwa Kiswahili cha kawaida na kuweka picha kila siku. Jina lake likajulikana hata kwa Watanzania wa ng'ambo. Hapa kwetu Kenya, Ory Okolloh, mwanasheria, alikuwa akiandika blogu ya siasa iitwayo Kenyan Pundit. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, alitoa humo wazo la ramani ya kuonyesha matukio ya fujo. Wenziwe wa teknolojia wakalichukua, ndipo ikazaliwa Ushahidi, ambayo imetumika nchi nyingi duniani. Baadaye alifanya kazi Google, akisimamia sera za Afrika.

Wote wawili hawakuanza kwa kujitangaza. Walianza kwa kuwapa watu kitu cha kuwafaa, na wakakitoa mara kwa mara.

Andika ulichokifanya

Nilipoanza, nilifanya kosa la wengi: niliweka picha ya ukuta uliokwisha, na maneno "kazi safi, piga simu". Jamaa zangu walinipongeza. Hakuna aliyepiga simu.

Nikabadilisha. Nikaanza kuandika sababu. Kwa nini plasta ya saruji hubabuka kwenye ukuta wa matumbawe? Kwa sababu ukuta ule hunyonya maji na chumvi, na chokaa huuacha upumue, lakini saruji huziba unyevu ndani mpaka usukume plasta nje. Kwa nini vyumba vya nyumba za kale Lamu ni virefu na vyembamba? Kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, kiasi cha mita tatu hivi. Maswali hayo ndiyo watu wanayoyatafuta usiku wakitazama ukuta wao unavyoharibika. Makala yangu ya plasta haina picha nzuri hata moja, na ndiyo iliyoniletea wateja kuliko zote.

Kwa hivyo, kama wewe ni muuguzi, fundi wa injini za boti, mshonaji au mhasibu, andika orodha ya maswali kumi ambayo wateja wako hukuuliza kila siku. Hizo ni makala kumi. Jibu moja kila wiki, kwa lugha ile ile unayomjibia mteja. Mtu akisoma majibu matano atajua kama unaijua kazi, hata kabla hajaona cheti chako.

Na ukikosea, kubali. Niliwahi kuandika kwamba chokaa ikishazimwa kwa maji inaweza kutumika baada ya siku tatu. Fundi mmoja mzee wa Lamu akanitumia sauti, akanikemea kwa upole: chokaa nzuri huachwa ndani ya maji kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Sikuifuta makala. Niliweka sahihisho juu kabisa, nikaeleza kuwa nimesahihishwa na mkubwa wangu wa kazi. Nilidhani nitaaibika. Badala yake watu waliniamini zaidi.

Wapi pa kuandika

Kila pahali pana kazi yake. WhatsApp ni nzuri kwa wanaokujua, lakini ujumbe wa kikundi huzama kesho yake, na mgeni hawezi kuukuta akitafuta Google. Facebook na TikTok hukufikisha kwa wengi kwa haraka, ila kitu cha wiki iliyopita ni kama hakipo. Blogu na YouTube ni polepole, lakini mtu aweza kuikuta makala au video yako miaka mitano baadaye. Blogger na WordPress zina huduma ya bure, na simu yatosha kuanzia.

Mimi huandika makala kamili kwenye blogu, kisha huchukua kipande na picha moja nikapeleka Facebook na WhatsApp, pamoja na kiungo cha kurudi kwenye makala. Nakala ya kila kitu naiweka pembeni. Akaunti si mali yako, na yaweza kufungwa au kuibwa usiku mmoja. Pia tumia jina moja na picha moja kila mahali, ili anayekutafuta asipotee.

Sitara na sheria

Nyumba ya mtu ni sitara yake. Usipige picha ndani bila idhini ya wenyewe, na ukiruhusiwa, hakikisha hakuna mtu, nguo wala picha ya familia inayoonekana. Mlango wa kuchonga una thamani, basi usiwaelekeze wezi ulipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na habari za mteja wako si mali yako ya kuchezea. Kwa daktari na wakili jambo ni zito zaidi. Siri ya mgonjwa au mteja haitolewi, na kujitangaza kwao kuna kanuni, basi waulize kwanza bodi au chama chao. Usimtaje fundi mwenzio kwa ubaya. Sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mtandao ilifanya kusambaza uongo kwa makusudi kuwa kosa, na hata bila sheria, anayewasema wenzake humtia mteja shaka.

Je, si riya?

Rafiki yangu aliniuliza swali hili baada ya Ijumaa, na ni swali la haki. Mimi si sheikh, lakini namkumbuka Nabii Yusuf, alayhi salaam, alivyomwomba mwenyewe mfalme wa Misri asimamie maghala, akitaja uaminifu wake na ujuzi wake. Nia ndiyo inayopimwa. Anayesema "nitazameni mimi" ana lake. Anayesema "ukuta wako utakufa ukiupiga saruji" amempa mwenzake nasiha.

Lipo na jengine linalonisumbua zaidi ya riziki yangu. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na wageni wameuandikia mengi. Yule mzee aliyenisahihisha hajaandika hata mstari mmoja. Ujuzi wake uko kichwani na mikononi, na mikono inachoka. Siku hizi kila nikienda Lamu hukaa naye barazani na simu, namuuliza swali moja, naye hujibu nikirekodi. Jina lake nitaliweka juu ya kila makala, atakaporidhia.

Nawe una mzee wako wa kazi. Anza naye wiki hii, swali moja tu.