Lugha ya Mihadhara na Senema katika Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Historia ya kuenea kwa Kiswahili katika Kilimanjaro aghalabu husimuliwa kwa kufuata njia tatu: misafara ya biashara kutoka pwani, shule za wamisionari, na ofisi za serikali. Iko njia ya nne ambayo haijapewa haki yake, nayo ni mikusanyiko ya watu wazima, yaani mihadhara, maonyesho ya senema na sikukuu za jamii. Mikusanyiko hiyo ilikuwa na sharti moja lisilokuwamo darasani. Mtoto wa shule asiyeelewa hulazimika kukaa mpaka kengele ilie. Mtu mzima asiyeelewa huondoka akaenda shambani kwake. Kwa sababu hiyo lugha ya ukumbini ilipimwa na wasikilizaji wenyewe, na kipimo chao kilikuwa kikali kuliko cha mkaguzi wa elimu. Makala haya yanafuata habari hiyo tangu mafundisho ya jandoni hata vyuo vikuu vya leo. Yanakusudia kuonyesha kwamba elimu ilipokelewa mlimani kila ilipopata msemaji wa kuifafanua kwa lugha ya waliohudhuria, na kwamba sharti hilo halijawaondokea wanafunzi wa shahada za juu wanaosoma Moshi sasa.

Mlima ulikuwa na mihadhara yake kabla ya Johannes Rebmann kuiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Vijana wa Kichaga waliokwisha kutahiriwa walifundishwa na wazee kwa mafumbo na nyimbo, na mojawapo ya vyombo vya mafundisho hayo ilikuwa fimbo iitwayo mregho. Fimbo hiyo ilikatwa alama nyingi, na mwalimu alizifuata moja baada ya moja akieleza maana yake: mwili wa binadamu, kukua kwake, wajibu wa mume na mke, na heshima kwa waliotangulia. Alama zile zilikuwa bubu pasipo mwalimu. Asiyefundishwa aliona mikato ya kisu tu. Aliyefundishwa aliona elimu nzima. Mregho, basi, ulikuwa picha iliyohitaji sauti, na sauti ile ilihitaji lugha ya msikilizaji. Kanuni hiyo itaonekana tena katika kila chombo kilichofuata.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliyakusanya mafundisho hayo kwa bidii kubwa, akayatoa katika juzuu tatu kati ya mwaka 1932 na 1938. Maneno ya wazee yaliandikwa kwa Kichaga, na ufafanuzi kwa Kijerumani. Thamani ya kazi ile haina shaka, lakini hoja za mkusanyaji ziliwafikia wasomi wa Ulaya kuliko wajukuu wa wazee waliomweleza. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle, Mangi wa Marangu, alitoa kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Habari ni za Kichaga kabisa, ila lugha ni Kiswahili. Mwandishi hakukosa lugha ya mama yake. Alichagua lugha ambayo Mchaga wa upande wa pili wa mlima, na Mtanganyika wa mbali zaidi, wangeweza kuisoma bila mkalimani.

Sababu ya uchaguzi huo ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kisiasa. Kinachoitwa Kichaga ni kundi la lahaja zinazopakana, kuanzia Siha na Machame upande wa magharibi, kupita Kibosho, Old Moshi na Vunjo, hata Rombo upande wa mashariki. Derek Nurse, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka 1979, alionyesha wazi jinsi lahaja hizo zinavyogawanyika. Majirani husikilizana, bali walio katika ncha mbili za mlima husikilizana kwa taabu au hawasikilizani kamwe. Kanisa la Kilutheri lilipokazana kuhubiri kwa Kichaga lilifaulu, maana usharika mmoja kwa kawaida ulikuwa wa watu wa nchi ya Mangi mmoja. Lakini mkutano uliowaita watu wa mlima mzima haukuweza kushika lahaja moja bila kuonekana kuwatukuza wenye lahaja hiyo na kuwadharau wengine. Kiswahili hakikuwa cha Mangi yeyote. Tena mji wa Moshi, uliofikiwa na reli kutoka Tanga mwaka 1911, uliwakusanya Wapare, watu wa pwani, Wahindi na wengineo, ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha.

Mkutano wa kwanza wenye nguvu wa mlima mzima ulizaliwa na kahawa. Mwaka 1925 ulianzishwa umoja wa wakulima wenyeji, KNPA, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake. Mikutano ya vyama hivi ilikuwa pia darasa la watu wazima. Humo yalizungumzwa mambo ya kupogoa mikahawa, kupiga dawa, kukoboa, kukausha, kupima mizani na kusoma hesabu za chama. Mwaka 1934 kituo cha uchunguzi wa kahawa kilianzishwa Lyamungo, na matokeo yake yakahitaji kupelekwa kwa mkulima. Katika safari hiyo Kiswahili cha Kilimanjaro kilijitajirisha. Kilichukua kutoka Kichaga maneno kama kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mikahawa, na mfongo, yaani mfereji wa kuteremsha maji vihambani. Kutokana na neno buni kikapata chulebuni, jina la ugonjwa unaoharibu tunda la mkahawa. Na kutokana na chuma kikapata kutu ya majani. Mkulima asiyejua majina ya Kilatini ya kuvu hizo mbili huzitofautisha kwa maneno hayo pasipo kukosea.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba lugha ya pamoja ilitosha kuleta mapatano. Mwaka 1937, bei ya kahawa ilipokuwa imeanguka, wakulima wengi walipinga sharti lililowalazimisha kuuza kahawa yao kwa njia ya KNCU peke yake, na ghasia zikatokea. Habari ilikuwa imewafikia, na waliielewa. Walichokitaka ni jawabu. Kutangaza ni kazi moja, na kuhojiana ni kazi nyingine. Mhadhara usio na nafasi ya maswali ni tangazo, hata ukitolewa kwa Kiswahili fasaha.

Tofauti hiyo ilidhihirika zaidi senema ilipoingia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, liliendesha Jaribio la Senema ya Elimu kwa Wabantu. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, juu ya reli ile ile iendayo Moshi. Wakuu wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya, mifugo, kodi na akiba ya fedha, wakazionyesha kwa gari katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo kubwa ni namna walivyotatua tatizo la sauti. Maneno hayakuandikwa juu ya filamu yenyewe, bali yaliwekwa katika sahani za santuri, ili picha moja ipewe maelezo ya Kiswahili mahali hapa na ya lugha nyingine mahali pale. Waliona vema kwamba picha ile ile hubadilika maana ikibadilishiwa lugha. Lakini sahani ya santuri haikuweza kuulizwa neno. Mwalimu mwenye mregho aliweza kurudi nyuma, kukariri, kumkemea asiyesikiliza. Sahani iliendelea kuzunguka tu. Kwa hiyo katika historia ya magari ya senema ya Afrika Mashariki, mtu aliyesimama kando ya turubai na kueleza kwa kinywa chake hakupoteza kazi yake kwa miaka mingi.

Baada ya vita njia nyingine ilijaribiwa. Kuanzia mwaka 1951 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi ambazo wachezaji wake walikuwa Waafrika na lugha yake Kiswahili. Mojawapo, Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ilimtoa Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika kazi za maendeleo ya jamii, na ambaye mwezi Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hapa mtazamaji hakuhitaji tena kuelezwa picha na mtu wa kando. Aliwasikia watu walio kama yeye wakibishana, wakidanganyana na wakichekana kwa maneno aliyoyajua sokoni. Mafundisho yaliyofichwa ndani ya hadithi yaliweza kukubaliwa au kukataliwa, lakini hayakukosa kueleweka.

Wakati huo huo Wachaga walikuwa wakijenga mikusanyiko yao wenyewe. Thomas Marealle alichaguliwa Mangi Mkuu mwaka 1951, na katika miaka iliyofuata Siku ya Wachaga ikawa sikukuu ya mwezi Novemba ya kuadhimisha umoja wa mlima. Mwaka 1953 Baraza la Wachaga lilianza kutoa gazeti la Komkya, lililodumu hata mwaka 1961. Jina lake ni neno la Kichaga lenye maana ya mapambazuko, na maandishi yake yalikuwa ya Kiswahili. Mpango huo wa jina la nyumbani na habari za lugha ya wote waeleza mengi. Hata harakati iliyotaka kuukuza Uchaga ilikiona Kiswahili kuwa chombo chake, kwa sababu umoja wa mlima usingesemeka kwa lahaja moja. Cheo cha Mangi Mkuu kilikoma mwaka 1960, lakini desturi ya kujadili mambo ya Uchagani kwa Kiswahili haikukoma pamoja nacho.

Uhuru ulileta vyuo. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na mwaka 1964 kikaipokea kazi ya kamati ya zamani ya lugha kwa kuunda Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Kilimanjaro nayo haikuachwa nyuma. Mwezi Februari 1963 mji wa Moshi ulipokea mkutano wa mshikamano wa watu wa Asia na Afrika, uliofunguliwa na Julius Nyerere, na mwaka ule ule chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilianzishwa Mweka, katika miteremko ya kusini. Mwaka 1963 kilianzishwa pia Chuo cha Ushirika, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Pamoja nacho wako leo Chuo Kikuu Kikatoliki cha Mwenge na chuo cha tiba kilicho katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kampeni za elimu kwa redio za nchi nzima zilionyesha jinsi fundisho la kale lilivyoweza kutumika kwa chombo kipya. Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, iliwafikia watu wapatao milioni 2. Haikuitegemea redio peke yake. Wasikilizaji walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kusafisha maji. Upungufu wa sahani ya santuri ulikuwa umepata dawa. Sauti ya mbali iliungana na msemaji wa karibu anayeweza kuulizwa.

Tukio hilo lafaa kulinganishwa na mihadhara ya vyuo vikuu vya sasa. Lugha ya kufundishia katika vyuo vya Tanzania kwa sehemu kubwa ni Kiingereza, na mhadhara wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili au ya uzamivu hufuata desturi hiyo. Huenda akachunguza bei ya kahawa vijijini, akawahoji wakulima kwa Kiswahili, akaandika majibu yao kwa Kiingereza, na akayatangaza mbele ya wasikilizaji ambao hakuna mkulima miongoni mwao. Ni njia ya Gutmann, tofauti ikiwa lugha ya kigeni tu. Habari yatoka mlimani, wala hairudi.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo ilijibiwa kwa vitendo tangu mwaka 1970, Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoanza kufundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili. Na mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ilitolewa, baada ya wasomi kuwa wamekwisha kusema kwanza. Chulebuni nayo ni shahidi. Istilahi hufuata mazungumzo, na pasipo mazungumzo hakuna wa kuihitaji. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kukifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote za elimu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yapasa kukubaliwa. Kiswahili kilipopata ukumbi, Kichaga kilipoteza kiasi cha nafasi yake hadharani, na mafundisho ya mregho yamebaki zaidi vitabuni. Anayetetea mihadhara ya Kiswahili hana ruhusa ya kulificha jambo hili. Lakini Kiingereza hakitarudisha kilichopotea, na Kiswahili cha mlimani ndicho kilichohifadhi kihamba na mfongo. Wanafunzi wa shahada za juu wangeweza kufanya kazi mbili kwa pamoja: kuyakusanya maneno ya lahaja kutoka kwa wazee, na kuyajadili hadharani kwa Kiswahili mbele ya wazee hao hao.

Utaratibu wake hauhitaji fedha nyingi. Kila utafiti uliofanywa kwa watu wa Kilimanjaro ungefuatiwa na mhadhara mmoja wa Kiswahili katika kijiji au chama cha msingi ulikofanyika, na muda wa maswali usipungue muda wa hotuba. Filamu ya elimu ionyeshwapo, asimame mtu wa kuijibia. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ingefaa kuwa siku ya mihadhara ya namna hiyo kuliko siku ya kukisifu Kiswahili kwa maneno matupu. Mzee wa Rombo atakayesimama na kumwambia mtafiti kwamba amekosea jina la ugonjwa wa mgomba atakuwa ameisaidia shahada ile, na mtafiti atakuwa na nafasi ya kusahihisha kabla ya kuichapisha.