Bendi Moja, Majina Matatu

Juma hili nimechomoa kanda tatu kabatini bila kuchagua: NUTA Jazz, JUWATA Jazz na OTTU Jazz. Mgeni atadhani ni bendi tatu. La hasha! Ni ile ile iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964. Kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika, nayo ilibatizwa upya: JUWATA mwaka 1978, OTTU mwaka 1991. Vyombo vilikuwa mali ya chama, wanamuziki waajiriwa wake. Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, tunamtambua kwa sauti. Je, mpiga tarumbeta? Kasha la kanda yangu halimtaji. Mwenye kanda kama hizi amuulize mzee aliyekuwapo, aandike jina. Chama kimehifadhiwa, fundi asipotee.