Kanada: Wanaojitolea na safari ndefu ya kumrejesha samoni wa Ziwa Ontario

Kila mwaka majira ya kuchipua yanapofika kusini mwa jimbo la Ontario, nchini Kanada, watu wa kila rika huteremka kwenye kingo za mito wakiwa na ndoo zilizojaa vifaranga wa samaki wasiozidi urefu wa kidole. Wengi wao hawalipwi chochote. Wanarudisha majini samoni wa Atlantiki, samaki aliyewahi kujaa katika Ziwa Ontario na mito yake, kisha akatoweka kabla karne ya 19 haijamalizika. Mpango unaowaunganisha ulianza mwaka 2006, na swali lililoko mbele yake bado ni lile lile: je, samaki anaweza kufanya makazi tena mahali ambapo hapakubaki hata mmoja wa kizazi chake?

Samaki wa ziwa na mto

Samoni wa Atlantiki, ambaye wanasayansi humwita Salmo salar, huishi maisha ya sehemu mbili. Huzaliwa katika mto wa maji maangavu yenye ubaridi, hukaa humo kwa kawaida mwaka mmoja hadi mitatu, kisha huteremka kwenye maji makubwa kutafuta chakula na kunenepa. Akishakomaa huurudia mto aliozaliwa, huukwea mkondo wake, na hutaga mwezi wa Oktoba au Novemba. Jike huchimba shimo katika changarawe kwa mkia wake, hutaga, na baada ya dume kuyarutubisha mayai, huyafukia. Mayai hukaa chini ya changarawe majira yote ya baridi, yakipata oksijeni kutoka kwa maji yanayopita kati ya mawe, hadi yanapoanguliwa majira ya kuchipua. Samoni wa Pasifiki wa Ziwa Ontario hufa baada ya kutaga, lakini samoni wa Atlantiki anaweza kusalimika na kutaga tena mwaka mwingine.

Kwa jamaa zake wengi, maji hayo makubwa ni bahari. Kwa samoni wa Ontario yalikuwa ziwa lenyewe, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 19,000. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu iwapo samaki hao walikuwa wakiteremka hadi Atlantiki na kurudi. Uchunguzi wa kikemia wa mifupa ya kale, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliishi maisha yao katika maji yasiyo na chumvi. Maporomoko ya Niagara, yenye kimo cha mita 50, yaliwazuia kufika kwenye maziwa ya juu. Kwa hiyo, kati ya Maziwa Makuu matano ya Amerika Kaskazini, Ontario ndilo pekee lililokuwa na samoni wa asili.

Wasikilizaji waliokulia kando ya Ziwa Victoria watamkumbuka ningu, ambaye mvua zinapofurisha mito huliacha ziwa na kupanda kwenda kutaga. Yeye naye amepungua mno, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya nyavu zinazotegwa kwenye midomo ya mito, mahali pale pale anapopita. Samaki wa namna hii ana udhaifu mmoja: anahitaji ziwa, anahitaji mto, na anahitaji njia iliyo wazi kati ya viwili hivyo. Kimoja kikiharibika, maisha yake yote yamekatika.

Jinsi alivyotoweka

Kwa Wamississauga, watu wa asili wa pwani ya kaskazini ya ziwa hilo, samoni wa majira ya vuli alikuwa chakula na riziki. Jina la Mto Credit, ulioko magharibi mwa Toronto, lenyewe limetokana na biashara: wafanyabiashara wa Kizungu walikutana nao kwenye mdomo wa mto huo na kuwapa bidhaa kwa mkopo. Mapatano ya ardhi ya mwaka 1805 yaliwahifadhia haki ya uvuvi katika Credit na mito mingine michache. Hata hivyo, walowezi waliendelea kuingia katika maji hayo, na samaki wakaendelea kupungua. Mwaka 1847 Wamississauga wa Credit walihama, wakaenda kuishi katika eneo la Mto Grand.

Uharibifu ulikuja kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Walowezi walijenga vinu vya kusaga nafaka na vya kupasua mbao kwenye vijito vingi. Kila kinu kilihitaji bwawa, na kila bwawa likawa ukuta mbele ya samaki anayepanda kutaga. Vumbi la mbao lilimwagwa mitoni. Misitu ilipofyekwa, kivuli kikaondoka, maji yakapata joto, na udongo ukateremka na mvua hadi ukaziba changarawe, mayai yakakosa hewa. Usiku wakati wa vuli, wavuvi walisimama kwenye maji ya kina kifupi wakiwa na mienge na mikuki, wakiwachoma samoni kabla hawajataga. Sheria za kuzuia uvuvi huo zilianza kutungwa mapema katika karne ya 19, lakini wasimamizi walikuwa wachache na wavunjaji walikuwa wengi.

Mwaka 1866 Samuel Wilmot, mkazi wa Newcastle, mashariki mwa Toronto, alianza kutotolesha mayai ya samoni nyumbani kwake. Jitihada yake iliungwa mkono na serikali, na kituo chake kikawa miongoni mwa vya kwanza vya aina hiyo Amerika Kaskazini. Vifaranga waliachiliwa kwa wingi, lakini waliachiliwa katika mito ile ile iliyowashinda wazazi wao. Samoni wa mwisho wa asili kurekodiwa alionekana mwaka 1898, karibu na Toronto. Mwaka 2010 kamati ya Kanada inayotathmini viumbe walio hatarini ilitangaza kwamba kizazi cha Ziwa Ontario kimekwisha kabisa duniani.

Mpango wa mwaka 2006

Tangazo hilo lina maana moja nzito: samoni wanaorudishwa leo si wajukuu wa wale waliokuwepo. Ni jamaa wa mbali. Mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na Shirikisho la Wavuvi na Wawindaji wa Ontario pamoja na Wizara ya Maliasili ya jimbo hilo umetumia mbegu za samoni kutoka sehemu tatu: Mto LaHave katika jimbo la Nova Scotia, Ziwa Sebago katika jimbo la Maine nchini Marekani, na Ziwa Saint-Jean katika jimbo la Quebec. Samoni wa LaHave wamezoea kwenda baharini. Wale wa Sebago na Saint-Jean ni wa maziwa, na maisha yao yanafanana zaidi na ya samaki aliyepotea.

Mpango huo umesimama juu ya nguzo nne: kuzalisha na kuachilia samaki, kutengeneza upya mito, kuelimisha jamii, na kufanya utafiti. Mito ya kwanza kuchaguliwa ilikuwa Credit, Duffins na Cobourg, na mingine iliongezwa baadaye. Sehemu kubwa ya vifaranga hutoka katika vituo vya serikali, kikiwemo kile cha Normandale. Baadhi huachiliwa wakiwa wadogo sana, na wengine baada ya kulelewa zaidi ya mwaka mmoja. Walioachiliwa wakiwa wakubwa wana nafasi nzuri zaidi ya kuishi, lakini kuwalea kuna gharama kubwa.

Kazi ya mikono

Serikali ingeweza kuzalisha samaki peke yake, lakini isingeweza kutengeneza mamia ya kilomita za kingo za mito, nyingi zikiwa ndani ya mashamba ya watu binafsi. Hapo ndipo wanaojitolea walipoingia: vilabu vya wavuvi, vikundi vya mazingira, wakulima, wanafunzi na wastaafu. Hupanda miti kandokando ya maji ili kivuli kirudi. Hujenga uzio kuzuia ng'ombe wasikanyage kingo. Huweka magogo na mawe ili mkondo upate kasi na kuosha tope, hadi changarawe ionekane tena. Mahali ambapo bwawa la zamani halina kazi, husaidia kulibomoa. Mahali ambapo haliwezi kuondolewa, hujengwa ngazi ya samaki, yaani njia ya maji yenye vidato ambayo samaki hukwea kimoja baada ya kingine.

Shule nazo zina sehemu yake. Katikati ya majira ya baridi madarasa hupokea mayai ya samoni na kuyaweka katika tangi la kioo lenye kifaa cha kupoza maji. Watoto huangalia joto kila siku, huondoa mayai yaliyokufa, na huwaona vifaranga wakianguliwa wakiwa bado na kifuko cha kiini tumboni. Majira ya kuchipua yanapofika, darasa zima hwenda mtoni kuwaachilia. Idadi ya samaki wanaotoka shuleni ni ndogo ikilinganishwa na wale wa vituo vya serikali, na waandaaji wanalijua hilo. Shabaha yao ni mtoto, ambaye akikua atakuwa mpiga kura, mwenye shamba au mvuvi.

Vikwazo ndani ya ziwa

Mto ukitengenezwa, bado ziwa linasubiri, nalo si lile la mwaka 1800. Katika karne ya 20 lilijaa eliwaifu, samaki mdogo wa ukoo mmoja na dagaa wa baharini. Samoni humla kwa wingi, lakini mwili wa eliwaifu una kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Jike aliyekula samaki huyo kwa muda mrefu hutaga mayai yenye upungufu wa vitamini hiyo, na vifaranga hufa baada ya kuanguliwa. Katika vituo tatizo hili hutibiwa kwa kuyalowesha mayai katika maji yenye vitamini B1. Mtoni hakuna wa kufanya hivyo.

Kikwazo cha pili ni samoni wa Pasifiki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Marekani na Kanada zimewaachilia katika ziwa hilo ili wawale eliwaifu na kuwapa wavuvi mchezo. Walifanikiwa mno, na sasa uvuvi wao ni biashara kubwa kwa miji ya ufukweni. Samaki hao hutaga vuli katika mito ile ile, huwania changarawe ile ile, na huweza kuwavuruga samoni wa Atlantiki wanaotaka kutaga. Hakuna upande wa mpaka unaopendekeza kuwaondoa. Samoni wa Atlantiki analazimika kujipatia nafasi katika nyumba ambayo imekwisha kupangishwa.

Upande wa Marekani

Ziwa halijui mpaka, na jimbo la New York nalo huachilia samoni wa Atlantiki katika mito yake. Mwaka 2009 watafiti wa serikali ya Marekani waligundua katika Mto Salmon, mashariki mwa ziwa, samoni wadogo waliozaliwa mtoni humo bila kuachiliwa na mtu yeyote. Walikuwa wachache, lakini walithibitisha kwamba mzunguko wa maisha unaweza kukamilika tena baada ya zaidi ya karne moja.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Rochester, Syracuse na miji mingine ya jirani, ambao baadhi yao huvua samaki kwa chakula cha familia, ni vyema kumfahamu samaki huyu. Madoa yake meusi mara nyingi yana umbo la herufi X, na kwenye kifuniko cha matamvua ana madoa machache makubwa. Mkia wake kwa kawaida hauna madoa. Samoni wa Pasifiki aina ya Chinook ana fizi nyeusi na mkia wenye madoa mengi. Njia nyingine ni kuhesabu vijiti vya pezi la chini lililo karibu na mkia: samoni wa Atlantiki ana 8 hadi 12, na wa Pasifiki ana 13 au zaidi. Sheria za idadi na ukubwa wa samaki anayeruhusiwa kuvuliwa ni tofauti kati ya Ontario na New York, na hubadilika. Mvuvi hana budi kuzisoma kabla ya kutupa ndoana.

Kipimo cha mafanikio

Mamilioni ya vifaranga wameachiliwa tangu mwaka 2006. Samoni waliokomaa wamerudi katika baadhi ya mito, na dalili za kutaga zimeonekana. Lakini kizazi kinachojitegemea, kisichohitaji ndoo wala kituo, bado hakijapatikana. Wapo wanaouliza kama gharama hiyo ina maana, hasa kwa kuwa kizazi cha asili hakipo tena na ziwa limekwisha kubadilika.

Jibu la watetezi wa mpango huu linaanzia mtoni. Miti iliyopandwa imekua, mabwawa yaliyobomolewa hayarudi, na maji yaliyopoa yanawafaa samaki wengine wa asili, pamoja na watu wanaoishi kandokando yake. Faida hiyo itabaki hata kama samoni hatarudi. Kuhusu samoni mwenyewe, wanaojitolea wana kipimo kimoja tu: samaki aliyekomaa akiukwea mto wakati wa vuli, ambaye hakuna mtu anayeweza kusema kwamba alimtia humo.