Kabla Hujalipia Tripu ya Mai Mahiu, Shuka City Stadium

Kila mwisho wa mwezi simu yangu inajaa mabango ya safari za siku moja. Asubuhi mnatoka Umoja ama Donholm, mnasimama pale Viewpoint juu ya Bonde la Ufa, mnapigwa picha Longonot ikiwa nyuma, nyama choma Naivasha, jioni mko nyumbani. Sina neno na hiyo. Bonde ni poa hata Julai, ukungu ukiwa mzito mpaka huoni kitu isipokuwa wauza ngozi za kondoo. Shida yangu ni moja tu: tunalipa kwenda kuona nusu ya hadithi, na nusu ile ingine iko Jogoo Road.

Ukiteremka ile barabara ya chini, karibu ufike Mai Mahiu, kuna kanisa dogo sana la mawe kando ya lami. Watu kumi na kitu wakiingia, limejaa. Lilijengwa 1942, na waliolijenga hawakuwa wamisionari. Walikuwa mateka wa vita, Waitaliano, waliopewa kazi ya kuchonga hiyo barabara kwenye ukuta wa bonde.

Walifikaje huku? Mussolini aliivamia Ethiopia 1935. Mwaka wa 1941 jeshi la Uingereza, likiwa na askari Waafrika kibao wakiwemo wa KAR, likawashinda Waitaliano huko. Mei, mkubwa wao, Duke wa Aosta, akasalimu amri Amba Alagi. Novemba, Gondar ikaanguka. Makumi ya maelfu ya mateka wakaletwa Kenya. Duke mwenyewe alifia Nairobi Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri. Halafu kuna yule Felice Benuzzi: Januari 1943 alitoroka kambi ya Nanyuki na wenzake wawili, wakapanda Mlima Kenya, wakasimika bendera ya kwao Point Lenana, kisha wakajirudisha kambini. Hiyo ndiyo tripu, wasee.

Waliobaki walifanyishwa kazi. Na hapa ndipo Eastlands inaingia.

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa kati ya 1945 na 1948, na mikono ya mateka wa Kiitaliano iko kwenye yale mawe. Ukipita na mathree kwenda tao unaona tu ukuta na miti. Ingia ndani. Nyumba ni za chini, za mawe, zimezunguka nyasi, na katikati kuna ukumbi. Mpango ulikopwa Uingereza, ile mitindo yao ya miji yenye bustani. Lakini cha maana si urembo. Kabla ya hapo, wakoloni walimhesabu Mwafrika wa Nairobi kama kapera aliyekuja kufanya kazi: apewe kitanda, kazi ikiisha arudi reserve. Kaloleni ilikuwa kati ya mitaa ya kwanza kukubali kwamba mfanyakazi ana bibi na watoto, na wataishi hapa. Baadaye ule ukumbi ukawa uwanja wa siasa za uhuru. Wazee bado wanauita bunge.

Niliacha chuo lakini sijaacha kusoma, na hii sikufunzwa darasani popote. Kanisa la Mai Mahiu tunalipiga picha kwa sababu liko mbali na nyuma yake kuna milima. Kaloleni tunaiona kama nyumba za kaunti zilizochakaa. Na zimechakaa kweli, sitadanganya: paa zinavuja na vibanda vya mabati vimemeza nyasi. Ndiyo maana maneno ya kubomoa mitaa ya zamani na kujenga maghorofa hayaishi. Nyumba za kaunti kule Pangani zilishaenda, minara imesimama. Sipingi mtu kupata choo ndani na lifti. Napinga kubomoa kitu ambacho hakuna aliyekaa chini akaandika ni nini, nani alilala humo, na mawe yalipangwa na nani.

Kuna msee atauliza nani atalipa kuangalia Kaloleni. Usilipe. Jumamosi moja shuka City Stadium, tembea mpaka kwenye ukumbi, zunguka. Kumbuka tu pale watu wanaishi. Usirekodi nguo za mtu kwenye kamba. Salimia mazee walio nje kwanza, uwaulize walihamia mwaka gani. Kisha panda gari Nyamakima, kama kilomita hamsini hivi, ukaone lile kanisa.